Upana wa Boriti

Kontena halinunuliwi kwa kulitazama kwa nje. Unaingia ndani, unamwambia mwenzako afunge milango yote miwili, kisha unasimama gizani na kungoja macho yazoee. Likiwa zima, giza linabaki giza. Likiwa limechoka, juu ya kichwa chako zinaanza kutokea nyota: moja, ya pili, halafu kundi zima pale kutu ilipolala muda mrefu chini ya rangi. Fundi tuliyekwenda naye kwenye yadi moja Kurasini alijifungia humo kama dakika tatu. Tulimsikia akikohoa, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, akitembea hadi mwisho na kurudi. Alipofunguliwa, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Nyota mbili," alimwambia dada yangu. "Hizo naziba. Lile la kwanza lilikuwa na mbingu nzima."

Dada yangu huwaandikia hesabu wafanyabiashara wadogo, na alikuwa amepanga kiwanja Mbagala kwa mkataba wa miaka mitano. Mwenye akili zake hasimamishi tofali kwenye kiwanja cha mtu. Siku mkataba unakwisha, ukuta unabaki pale pale na wewe unaondoka na funguo tu. Kontena unaliitia kreni, linanyanyuliwa na mapazia yake yakiwa bado yananing'inia. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya miji yetu kujaa maduka ya simu, saluni na ofisi za stakabadhi ndani ya masanduku ya chuma. Sababu nyingine iko bandarini: mengi huja yamejaa vitambaa na matairi, na mzigo wa kurudi nao haupatikani kwa wingi huo. Kusafirisha hewa kuna gharama yake. Mengine hayarudi.

Mimi nilikwenda Kurasini nikiwa na kinyongo. Miaka ya nyuma niliwahi kufanya kazi katika ofisi ya mradi mmoja iliyokuwa kontena la futi arobaini. Aliyelitengeneza alitoboa dirisha moja, tena upande wa magharibi, akapachika kiyoyozi, akapaka rangi nyeupe na kwenda zake. Saa nane mchana paa lilikuwa likilia ta, ta, ta kwa kutanuka. Umeme ukikatika tulihamia wote chini ya mwembe, na sikumbuki hata mmoja aliyesikitika. Usiku mambo yaligeuka. Asubuhi tulikuta karatasi za ukutani zimejikunja na matone yamejipanga kwenye dari kana kwamba mtu amenyunyiza, maana hewa yenye unyevu ikigusa bati lililopoa hugeuka maji, na unyevu ni kitu ambacho pwani hii haijawahi kupungukiwa. Kuna asubuhi niliyokuta daftari langu la mahudhurio limelowa kama lililosahauliwa mvuani. Nikaamini tangu siku hiyo kwamba kumweka mtu ndani ya kontena ni kumwonea.

Fundi huyu alinigeuza bila hata kunihubiria.

Wiki moja kabla ya yadi, alikuja kuona kiwanja. Dada alimwamkia, "Shikamoo, fundi," akamweleza anachotaka: futi arobaini, limekatwa katikati kwa ubao, nusu yake ofisi na nusu ya wateja kusubiri. Mzee hakujibu. Alitembea akitafuta jua liko wapi, akauliza upepo wa jioni unatokea upande gani, akaokota kijiti na kuchora mchangani mistatili miwili inayotazamana, kila mmoja futi ishirini, na kati yake nafasi ya hatua tatu na nusu. Juu ya yote akachora paa moja.

"Hapa katikati ndipo mtakapokaa."

"Na ndani ya makontena je?" dada aliuliza.

"Humo ni pa kuwekea vitu, mama. Na kujificha mvua ikija na upepo."

Bei ilipanda, maana mawili ya futi ishirini hayauzwi kwa bei ya moja la futi arobaini, na dada alinuna siku mbili. Siku ya tatu alipiga simu.

Shida ya kontena, ukiacha joto, ni wembamba. Kwa nje lina upana wa mita 2.44, ndani zinabaki kama 2.35, na ukishaweka sufi ya kuzuia joto na bodi za jipsamu pande zote mbili unajikuta na mita 2.20 ukibahatika. Meza ikikaa kwa upana, mtu wa pili hapiti. Vipimo hivi havikuwekwa na mtu aliyekuwa akiwaza meza wala kitanda. Malcom McLean, Mmarekani mwenye malori, alichoshwa na kupakua mizigo gunia kwa gunia. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 sitahani. Upana wa futi nane ulitokana na upana ambao sheria za barabara kule ziliruhusu lori kuwa nao. Kwa hiyo ukiikuta ofisi ya Mbagala ambayo watu wawili hawapishani bila kugeuza mabega, jua kwamba barabara za Marekani ndizo zilizoipima.

Hilo lingenikera zaidi kama nisingewahi kulala katika nyumba ya mawe Lamu. Chumba nilichopewa kilikuwa kirefu kama ujia na chembamba kama kontena. Sababu yake iko juu, ukilala chali unaiona: boriti. Nyumba za mawe za pwani zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na mkoko una urefu wake. Chumba kikakoma pale boriti ilipokoma, mita mbili na nusu, pengine karibu na tatu. Tajiri wa Lamu aliweza kurefusha chumba mpaka achoke, lakini kukipanua hakuweza, hata awe na majahazi mangapi. Boriti hizo hizo, kutoka Lamu na delta ya Rufiji, zilipakiwa na kupelekwa Omani na Ghuba nzima, na huko nako zikapima vyumba vya watu.

Wazee wale walifanya nini na wembamba wao? Hawakupigana nao. Walilaza vyumba ubavu kwa ubavu, kimoja nyuma ya kingine, wakafungua ukuta mrefu badala ya ule mfupi, ili anayeingia akutane na chumba kwa mapana yake. Walichimba zidaka kwenye lipu, safu juu ya safu, jicho likapata pa kuzama. Mwanga waliuingiza kutoka kiwandani, ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Nje walijenga baraza, na mambo mengi ya nyumba, kuanzia biashara hadi posa, yakamalizikia pale. Tofauti yao na sisi ni ukuta: wao walikuwa na nusu mita ya mawe ya matumbawe na chokaa iliyokaa na ubaridi wa usiku hadi adhuhuri. Kontena lina bati ambalo mara nyingi halifiki milimita mbili.

Fundi wetu hajawahi kufika Lamu. Nilimwuliza.

Nilikaa siku nzima kumtazama akikata, na hapa ndipo ninapotaka kukawia. Ukuta wa kontena umekunjwakunjwa, na nguvu yake iko kwenye hiyo mikunjo. Bati bapa la unene ule ungelisukuma kwa goti. Mzigo wenyewe hubebwa na nguzo nne za kona. Mlangoni kuna kibao kidogo cha chuma, na kwenye vingi utasoma namba 192,000: hizo ni kilo ambazo nguzo zimethibitishwa kubeba likipangiwa mengine juu yake. Mtu akiisoma namba ile hudhani amepewa ruhusa ya kukata atakavyo. Lakini kilo zile husimama kwenye kona. Ukifungua ubavu mpana bila kuweka kitu, boriti ya juu inaanza kulegea katikati, taratibu, na miezi sita baadaye mlango unagoma kufunga na mwenye nyumba anamlaumu muuza bawaba.

Kwa hiyo yeye hujenga fremu kwanza. Alichora dirisha kwa chaki na kamba, akapima mshazari huu na ule mpaka ilingane, kisha akasimamisha fremu ya skwea paipu juu ya mchoro na kuichomelea nukta nukta: nukta hapa, nukta upande wa pili, arudi huku, aende kule. Ukichomelea mfululizo, joto hukunja bati na dirisha lako huchekwa na kila fundi wa vioo. Fremu ikiwa imeshika, ndipo alipochukua grenda. Kelele yake ndani ya sanduku la chuma si ya kusimulia. Cheche zilimwagika mpaka mchangani, na mstari mwembamba wa mchana ukaanza kutembea ukutani, ukapinda kona, ukashuka. Upande wa nne hakuukata mpaka mwisho bila kumwita kijana wake ashike kipande kisidondoke.

Kipande hicho hakitupwi. Alikitia bawaba juu ya dirisha alilolitoa. Mchana kinasukumwa kwa fimbo na kuwa kivuli. Jioni kinashushwa na kuwa mlango wa dirisha wenye mikunjo inayolingana na ukuta, kiasi kwamba mwizi akipita usiku anaona ukuta tu. Na kingo zote zilizokatwa alizipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kwenda kula. Chuma cha kontena kina shaba kidogo ndani yake na kutu yake ya kwanza huwa kama ngozi inayokikinga, ila kwenye hewa yetu ya chumvi hakutaka kuijaribu hata kwa muda wa sahani moja ya wali.

Sakafu aliinusa. Hizo ni mbao za kubandikwa za milimita 28, zilizotiwa dawa ya wadudu ili zikubalike kwenye bandari zenye masharti, na kibao kile kile cha mlangoni hutaja dawa hiyo. Hakupenda alichonusa. Alizing'oa zote, akaweka nyingine. Kuhusu paa alikuwa mkali zaidi: mabati yasimame juu ya kontena kwa nafasi inayopitisha upepo, yatoke nje pande zote. "Jua lipige kofia," alisema, "lisipige kichwa."

Najua mambo makubwa yamefanywa kwingine. London ina makontena ya Trinity Buoy Wharf, tangu 2001. Amsterdam iliwahi kuwapanga wanafunzi elfu moja katika mtaa mzima wa makontena ulioitwa Keetwonen. Doha walijenga uwanja wa mpira wa Kombe la Dunia la 2022 kwa makontena 974, sawa na namba ya simu ya Qatar, ng'ambo ile ile tulikokuwa tukipeleka boriti. Mmarekani mmoja, Phillip Clark, alipewa hataza mwaka 1989 kwa njia ya kugeuza kontena kuwa jengo la kukaliwa, jambo ambalo mtu yeyote aliyelikuta kontena tupu na mvua inakuja angelivumbua mwenyewe. Na wapo wanaonunua makontena mapya kabisa, yaliyosafiri mara moja tu, ili nyumba ionekane imeokoa kitu. Huo naona ni urembo. Chuma cha sanduku moja zima kingetosha fremu nyepesi za vyumba kadhaa.

Kazi ninayoihusudu ni ya Shigeru Ban. Baada ya tsunami ya Machi 2011, mji wa Onagawa huko Japani ulikuwa na ardhi kidogo iliyo tambarare na familia nyingi zisizo na makazi. Ban alipanga makontena ya futi ishirini kama nyumba za ubao wa drafti, hadi ghorofa tatu: kontena, nafasi, kontena, nafasi. Ndani ya chuma waliwekwa watoto, kitanda, bafu. Nafasi zikatiwa vioo, zikawa sebule. Familia 189 zilipata makazi, na sehemu iliyo bora ya kila nyumba ilikuwa ile isiyokuwa kontena. Nilipoona picha nilikumbuka kijiti cha mzee mchangani Mbagala.

Ofisi ya dada yangu ina miezi minane sasa. Wateja hawaingii ndani ila kwa kutia sahihi. Wanakaa katikati, chini ya kofia, kwenye benchi ndefu aliyoitengeneza fundi kwa mbao za sakafu mpya zilizobaki, na kahawa inauzwa pale na kijana ambaye hakuna aliyemwalika. Ndani, kati ya nondo za kushikilia bodi, kuna rafu zilizozama ukutani safu nne kwa kwenda juu, na mafaili yamekaa humo bila kumnyang'anya mtu hata sentimita. Dada anaziita "vishimo". Sijamwambia kwamba zina jina.

Siku ya kupaka rangi, fundi alisimama mbele ya mlango na brashi mkononi akauliza kama afute maandishi. Yalikuwa herufi nne, ya mwisho ikiwa U, namba sita, halafu namba moja peke yake ndani ya kiboksi. Nikamweleza dada nililowahi kusoma, kwamba ile ya kiboksini hutokana na zile za mbele yake: herufi hupewa thamani, kila moja huzidishwa kwa moja, mbili, nne, nane na kuendelea kulingana na mahali ilipo, jumla hugawanywa kwa kumi na moja, kinachobaki ndicho huandikwa. Imewekwa ili karani akikosea namba moja, kosa lijulikane.

Dada alitafuta kalamu. Alitumia simu kupata thamani za herufi, akajumlisha nyuma ya risiti ya rangi, akakosea, akaanza upya. Fundi alimsubiri, brashi ikimdondokea kwenye ndala.

"Imekubali," dada alisema. "Usifute."

Mzee akachukua utepe wa karatasi wenye gundi, akaizungushia namba ile pande nne, na kuanza kupaka.