Machozi Yasiyo na Mtani: Uhakiki wa Hisia Zilizokithiri katika Utangazaji wa Michezo ya Kimataifa

Sehemu hii inahakiki namna televisheni inavyokuza huruma katika michezo ya kimataifa, kwa kurejelea taswira ya mwanariadha Mtanzania John Stephen Akhwari katika Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968. Hoja kuu ni kwamba huruma iliyokithiri haimtukuzi mwanamichezo, bali humpokonya umahiri wake na kumwachia jeraha.

Katika marathoni hiyo, Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Alimaliza wa 57, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi miaka ya 1990. Hivyo, picha hizo zilipomfikia mtazamaji wa Kibiti au wa delta ya Rufiji, zilikuwa zimekwisha kuhaririwa ugenini, zikiwamo zile za filamu za Mmarekani Bud Greenspan: giza, uwanja uliobaki na watu wachache, mguu uliofungwa, na msimulizi anayemwelekeza mtazamaji ahisi nini.

Kasoro kubwa imo katika kile kinachoachwa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari huyohuyo alishika nafasi ya tano katika marathoni, kwa muda wa takribani saa 2 na dakika 15. Simulizi ya machozi haina nafasi kwa tokeo hilo, kwa kuwa mkimbiaji hodari hahitaji kuhurumiwa.

Wapo wanaoweza kudai kwamba bila hisia hizo Akhwari angesahaulika. Dai hilo lina uzito, lakini linachanganya kukumbuka na kuhurumia. Desturi ya utani, inayofahamika pia kwa Wandengereko wa Kibiti, inatoa kigezo bora. Msibani, mtani huwatania wafiwa na hata kuyaiga mazoea ya marehemu. Huzuni hupata kipimo, na marehemu hukumbukwa kama mtu kamili. Televisheni huliza bila kumpa mtani nafasi.

Kwa hiyo, udhaifu wa utangazaji huu ni wa kisanaa na wa kimaadili kwa pamoja. Goti lililofungwa bandeji linastahili kuonyeshwa, ilimradi Edinburgh nayo itajwe.