Dizeli Kuukuu Hupimwa Asubuhi, Injini Ikiwa Baridi

Mama mmoja anayeuza viazi vya Kibirichia katika soko la Gakoromone, mjini Meru, alichoka kukodi gari. Kila siku ya mzigo, sehemu kubwa ya faida yake ilibaki mfukoni mwa mwenye pikapu. Akaamua kununua yake: Toyota Hilux kuukuu ya dizeli, yenye injini ya 3L ya lita 2.8. Aliniomba nimsindikize pamoja na fundi wake. Kazi ya fundi huyo asubuhi ile inastahili kuchambuliwa, kwa sababu wengi wetu hununua gari kwa kutazama rangi, viti na mileji, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachoeleza uzima wa injini.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo dizeli ya bei nafuu mara nyingi ni ile iliyozeekea humu nchini na kupita mikono mingi. Uzuri wake ni kwamba historia yake inaulizika. Pikapu iliyokimbiza miraa kutoka Maua hadi Nairobi na ile iliyohudumia shamba la chai zinaweza kusoma mileji sawa, lakini maisha yake hayakuwa sawa hata kidogo.

Fundi alikuwa ametoa sharti moja tu: mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye kioo. Kabla hata salamu hazijaisha, fundi alifungua boneti akaweka kiganja kwenye bomba la redieta. Lilikuwa baridi.

"Hapo sawa, Mama," akasema. "Lingekuwa na joto, tungerudi nyumbani."

Sharti hilo lina maana kubwa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Injini za petroli za rika lake hubana hewa mara 9 hivi; hii ya 3L huibana mara 22. Ringi za pistoni zikilika au vali zikikosa kukaa vizuri, hewa huvuja na joto halitoshi. Injini ikishapata moto, vyuma vyake husaidia kuficha udhaifu huo. Ikiwa baridi, haina pa kujificha. Meru iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na asubuhi zake ni za baridi. Ni kipimo kizuri, tena hakilipiwi.

Ufunguo ulizungushwa, taa ya hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, ikawaka kisha ikazimika. Stata ilipoanza kuzungusha, fundi aliinamisha kichwa kusikiliza mdundo. Mdundo ulio sawa ni dalili kwamba silinda zote nne zinabana kwa nguvu inayokaribiana. Ukirukaruka, kuna moja iliyolegea. Injini ilishika haraka, lakini ikatetemeka na kutoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi kwa muda wa dakika moja hivi.

Moshi una lugha yake. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa, na huku milimani injini isiyo na turbo hutoa mweusi kidogo ikipanda, bila kuwa na ugonjwa. Mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto huenda ni maji yanayoingia kwenye silinda, na vichwa vya injini hizi hupasuka zikichemka. Mweupe wa mwanzo, kama huu, ni dizeli isiyoungua: ama hita plagi, ama nozeli inayonyunyiza mafuta, ama silinda iliyochoka. Tofauti ya gharama kati ya nozeli na silinda inaweza kummaliza mwenye biashara ndogo.

Fundi alitafuta jibu kwa hatua. Alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akakilaza kichwa chini juu ya tundu lake. Kilitikisika, hakikuruka. Ringi bado zilikuwa zinashika. Kisha akachukua spana, akalegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine. Kwenye la kwanza, la pili na la nne, injini ilisita na kubadilisha sauti. Kwenye la tatu, haikubadilika. Silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi yake.

Fundi mvivu angesema hapo hapo kwamba injini imekufa. Huyu alizima injini, akaiacha ipoe kidogo, akaing'oa nozeli ya tatu na ya kwanza, akazibadilisha nafasi. Injini ilipowashwa tena, silinda ya tatu ilifanya kazi na ya kwanza ikawa bubu. Ugonjwa ulihama pamoja na nozeli. Silinda ilikuwa nzima.

Tahadhari: usijaribu kulegeza mabomba kwenye dizeli za kisasa za common rail. Humo mafuta husukumwa kwa zaidi ya bar 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi. Hizo hupimwa kwa kompyuta.

Baadaye tulipakia magunia 10 ya viazi ya kilo 50, tukapita Makutano na kushika barabara ya Nanyuki inayopanda. Klachi haikuteleza, sindano ya joto haikupanda. Tukirudi, fundi alipima breki mteremkoni. Kwa barabara zetu hilo si jambo la kupuuza: Julai 2022, basi lilitumbukia kutoka Daraja la Nithi, katika barabara ya kwenda Embu, na zaidi ya watu 30 wakafariki.

Mwisho, namba za chesi na injini zililinganishwa na logibuku, na rekodi ya mmiliki ikatafutwa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Mama akajadiliana akiwa na orodha mkononi: nozeli, mkanda wa taimingi ambao hakuna aliyejua ulibadilishwa lini, na oili mpya. Bei ikashuka, naye akatenga tofauti hiyo kwa matengenezo hayo hayo.

Akishanunua, kazi iliyobaki ni kuilinda pampu. Dizeli ndiyo inayoilainisha, na mafuta ya taa yakichanganywa humo huikausha. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo. Anunue mafuta kwenye kituo anachokiamini na abadilishe chujio kwa wakati.

Ndugu msomaji, ukienda kununua dizeli kuukuu, nenda kabla jua halijatoka na umchukue fundi asiyejuana na muuzaji. Ukikuta injini ina joto, funga boneti urudi kesho.