Pongezi kwa Mwalimu wa Madoa

Walimu wengi wa kuchora humwambia mwanafunzi autazame mlima, kisha auchore. Alexander Cozens, mchoraji wa Uingereza aliyezaliwa Urusi mwaka 1717 na kufundisha vijana wa Eton, aliwaomba jambo gumu zaidi: mandhari ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona.

Mwanafunzi alianza kwa kuiwaza mandhari kwa ujumla, halafu akaitupia karatasi madoa ya haraka kwa brashi na wino mweusi. Pengine karatasi ilikunjwakunjwa kwanza ili ipate mikunjo. Kisha aliyatazama madoa kwa utulivu. Hili jabali, lile kichaka, na weupe uliobaki kati yake ni ziwa. Juu ya madoa hayo aliweka karatasi inayopitisha nuru, akachagua anachokitaka, akakikamilisha kwa wino uliozimuliwa kwa maji.

Wapo waliomcheka Cozens. Hata hivyo aliiandikia mbinu hiyo kitabu kabla ya kufariki mwaka 1786, na wachoraji wanaifuata hadi leo. Anastahili heshima kwa kuwaondolea wanafunzi hofu ya karatasi tupu.

Nawe mwalimu wa sanaa, usiharakishe kulifuta doa la mwanafunzi. Mwulize kwanza anaona nini ndani yake.