Sifa za Aliyepaka Kibuyu

Kericho na Bomet hupigwa picha za chai. Ustadi ninaotaka kuusifu hauonekani ukiwa barabarani, kwa kuwa umo ndani ya kibuyu. Wakipsigis hukiita sotet, na maziwa yanayolazwa humo ni mursik, yale yale wanayonyweshwa wanariadha wetu wanapotua Nairobi na medali shingoni.

Watu husifu maziwa. Mimi nasifu ukuta. Maziwa huchemshwa, hupozwa, humiminwa, kisha bakteria wa asidi ya laktiki hufanya yao kwa siku kadhaa, hata wiki. Kazi ngumu ya mkono imetangulia. Kibuyu husuguliwa kwa sosiot, ufito wa mkindu wenye ncha ya nyuzi, hadi utando wa maziwa ya awali ung'oke. Kikishakauka, kijinga cha mti wa senetwet chenye kaa jekundu huingizwa na kusagwa kutani. Jivu na chenga hukung'utwa, maana chenga hukwaruza ulimi na jivu hupunguza uchachu. Hubaki vumbi laini jeusi lililogandamana.

Vumbi hilo lina uso mkubwa kuliko linavyoonekana. Mti ukiungua kwa hewa haba, mirija iliyokuwa ikipitisha maji hubaki wazi, na vitundu vidogo zaidi huzaliwa ndani ya kaboni. Gramu moja ya mkaa uliotengenezwa kiwandani kwa kazi ya kusafishia huweza kuwa na uso wa mita 1,000 za mraba. Mkaa wa jikoni haufiki huko, lakini nao hunasa molekuli usoni mwake. Mwaka 1785, huko St. Petersburg, mkemia Lowitz aliona unga wa mkaa ukiondoa rangi katika vimiminika. Mwaka 1918 Irving Langmuir wa Marekani alieleza unasaji huo kwa hesabu: uso una nafasi zenye kikomo, kama viti vya matatu isiyobeba abiria wa kusimama. Vikijaa, molekuli nyingine haipati pa kukaa mpaka mojawapo ishuke. Utafiti wake wa nyuso ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1932.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nimheshimu zaidi mama wa sotet. Protini na mafuta ya maziwa huwahi zile nafasi, na ukuta uliotumika hauna tena nguvu ya kunasa. Fenoli za moshi nazo, zinazotia harufu na kuzuia baadhi ya vijidudu, huenda na maziwa. Ndiyo maana hategemei weusi wa juzi hata ukiwa bado unang'aa. Husugua, huchoma, hupaka upya, kila mara, kazi ambayo mgeni hataiona.

Basi ukikaribishwa mursik iliyoiva vizuri, usiulize ng'ombe ni wa nani. Uliza nani aliyepaka kibuyu.