Mifupa ya Nyumba

Watu wengi husema kwamba nyumba ya miti na udongo ni nyumba ya maskini, na kwamba ustaarabu wa ujenzi huanza linapoanza jiwe. Nakuomba, msomaji, usilikubali neno hili kabla ya kulipima.

Tuanze Kilelengwani, katika nchi tambarare ambako Mto Tana hukaribia bahari. Huko miti na udongo ndivyo vilivyo karibu na mkono wa fundi. Husimika nguzo ardhini, akafunga fito ndani na nje, kisha akatomea udongo katikati na kukandika. Juu hulaza mwamba, akapanga makombamoyo na kuezeka makuti au nyasi. Itazame kazi hiyo kwa makini, nawe utaona kuwa udongo haubebi paa. Paa hubebwa na miti. Udongo ni nyama juu ya mifupa. Mto ukifurika, kama ulivyofurika 1961 na 1997, udongo huweza kuyeyuka na nguzo zikabaki zimesimama, zikingoja kukandikwa upya.

Sasa tulinganishe na jumba la Little Moreton Hall, huko Cheshire, Uingereza. William Moreton alilianza mwanzoni mwa karne ya 16, na wazao wake wakaliongeza hadi yapata 1610. Alikuwa tajiri mwenye mashamba, lakini mifupa ya jumba lake ni miti ya mwaloni, ulimi wa mmoja umeingizwa katika tundu la mwingine na kukazwa kwa vigingi. Katika majumba ya namna hii, nafasi kati ya miti zilizibwa kwa fito na udongo, kisha zikapakwa chokaa. Je, hicho si kiambaza kama chetu?

Hata hivyo, jumba hilo lina kosa. Baadaye waliongeza ukumbi mrefu juu kabisa, wakauezeka kwa mabamba mazito ya mawe. Uzito ule ukapinda kuta na sakafu za chini. Hapo tamaa ya fahari ilishinda hesabu ya fundi. Nyumba ya Kilelengwani haina kosa hilo, kwani paa lake ni jepesi.

Kosa la nyumba yetu liko miguuni. Nguzo iliyozikwa katika ardhi yenye unyevu huliwa na mchwa na kuoza. Waingereza nao walijenga hivyo zamani, mpaka walipozoea kulaza mti wa msingi juu ya safu ya mawe na kusimamisha nguzo juu yake. Tena hubadilisha kipande kilichooza mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Adui mwingine ni moto. London ya miti iliteketea mwaka 1666 kwa moto ulioanzia katika duka la mwoka mikate, na sheria ikaamuru kujenga kwa matofali au mawe. Septemba 2012, wakati wa mapigano ya Tana, nyumba nyingi za Kilelengwani zilichomwa kwa mikono ya watu. Moto wa namna hiyo hakuna fundi awezaye kuuzuia. Huzuiwa na amani ya majirani.

Basi, uionapo nyumba, uliza: ni kitu gani kinachobeba paa? Miguu yake imesimama juu ya nini? Nani huitengeneza inapochakaa? Ukipata majibu mema, iheshimu, hata ikiwa ni ya udongo.