Heko kwa Fundi wa Rimoti

Kisiwani Wasini hakuna barabara ya magari, kwa hiyo kigari cha rimoti ndicho pekee mtoto atakachoendesha uani. Rimoti ikipotea, ni boti hadi Shimoni, kisha Ukunda kwa fundi wa redio. Huyo ndiye ninayempa heko. Akitafuta rimoti mbadala, rangi ya kigari haimshughulishi. Hukipindua kigari asome megahezi, kama 27 au 49. Hufungua skrubu atafute chipu. Chipu ya RX-2 kigarini yataka rimoti yenye TX-2, la sivyo masafa yatalingana lakini kigari hakitatii. Vigari vingine vya zamani vina kristali za jozi, ya kigari mara nyingi ikiwa pungufu ya ile ya rimoti kwa kilohezi 455. Ukizibadilisha mahali, rimoti hurusha kwenye masafa yasiyo yake. Ujira aombao ni mdogo mno, mimi ningemwongezea.