Kaakaa Lina Saa Yake

Mtoto akizaliwa na mdomo sungura, au kaakaa likiwa wazi, mama huanza kuhojiwa kabla hajapata nguvu ya kuketi: ulikula nini, ulitazama nini, ulimkosea nani? Hata pasipo wa kumuuliza, hujiuliza mwenyewe usiku. Clarke Fraser, daktari wa Montreal nchini Kanada, alikaa na wazazi wa namna hiyo kwa miaka mingi. Kila nikizisoma kazi zake naona kwamba alichokifanya kwenye meza ya maabara kilimsaidia kulijibu swali hilo kwa ukweli.

Fraser alizaliwa mwaka 1920. Alianza na jenetiki, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1945, ndipo akarudi darasani kusomea udaktari na kuhitimu mwaka 1950. Siku zile jenetiki ilikuwa elimu ya nzi na panya, na madaktari wengi hawakuona itawafaa nini wodini. Yeye alizishika zote mbili. Mwaka 1952 alianzisha idara ya jenetiki ya tiba katika Hospitali ya Watoto ya Montreal, na panya wake hakuwaacha.

Panya hao ndio waliomfungulia njia. Pamoja na daktari wa upasuaji, Hamilton Baxter, aliwapa panya wenye mimba dawa ya kotisoni, ambayo wakati huo ilikuwa mpya na ikisifiwa kila mahali. Wengi wa watoto wao walipatikana na kaakaa lililo wazi. Hilo peke yake lilikuwa jambo zito, kwa kuwa madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na karibu kila kitu. Msiba wa thalidomaidi, dawa iliyowalemaza watoto wakiwa tumboni, ulikuja kuwazindua miaka kumi baadaye. Lakini kilichomshika Fraser ni kitu ambacho mwenye haraka angekipita. Dawa ileile, ikitolewa siku zilezile za mimba, haikuleta matokeo sawa kwa panya wote. Katika ukoo mmoja wa panya wa maabara, unaoitwa A, karibu watoto wote walidhurika. Katika ukoo mwingine, C57, aliyedhurika alikuwa kama mmoja kati ya watano.

Wengi wangelitafuta jibu ndani ya dawa. Fraser na mwenzake Bruce Walker walikwenda kutazama kaakaa lenyewe linavyofungwa, na hapa inafaa tutulie kidogo, maana ustadi wao wote uko hapa.

Kaakaa halianzi likiwa dari ya kinywa. Huanza kama vibamba viwili vya nyama laini vinavyoning'inia wima, kimoja kila upande wa ulimi, nao ulimi umejaa katikati. Kwa binadamu, karibu na wiki ya nane ya ukuaji, vibamba hivyo huinuka, hulala juu ya ulimi, hukutana katikati, kisha utando mwembamba unaovitenganisha hutoweka na nyama ikashikana. Ifikapo wiki ya kumi na mbili kazi imekwisha. Kwa panya, kuinuka huko hutokea mwanzoni mwa wiki ya tatu ya mimba, kwa muda wa saa chache tu. Wakati wote huo kichwa hakisubiri, kinazidi kupanuka. Vibamba vikichelewa, vitainuka bado, lakini vitakuta nafasi imekuwa pana na kingo zake hazifikiani. Ni kama abiria wa Kigamboni aliyefika kivukoni mzima wa afya, nauli mkononi, na pantoni imeshaondoka.

Kuliona jambo hilo kulitaka uvumilivu mkubwa. Tarehe ya mimba haitoshi kukwambia kiinitete kimefikia wapi, kwa sababu hata ndugu wa tumbo moja hawaendi sambamba. Walker na wenzake walijifunza kuusoma umri kwenye mwili wenyewe: vidole vya mbele na vya nyuma vimeachana kiasi gani, sikio limefikia wapi, jicho likoje, vinyweleo vimeanza kujitokeza au bado. Hapo ndipo walipotazama kinywani na kuandika vibamba vimefika hatua gani. Kisha kiinitete kinachofuata, na kinachofuata. Namheshimu sana mtu anayeweza kufanya kazi hiyo pasipo kuruhusu jicho lake lione linachotarajia.

Jibu likatoka hapo. Panya wa ukoo A, hata wasipopewa dawa yoyote, vibamba vyao huchelewa kuinuka. Wanafaulu, ila kwa muda mdogo sana wa akiba. Kotisoni ikiongeza ucheleweshaji kidogo, akiba hiyo inakwisha. Ukoo wa C57 huwahi, kwa hiyo wengi wao huhimili ucheleweshaji uleule. Kumbe si urithi peke yake wala si dawa peke yake: mambo mengi madogo hujumlika mpaka kizingiti fulani, na mwanya huonekana pale tu kinapovukwa. Wazo hilo la kizingiti liliingia katika vitabu vya tiba, likatumiwa kila mahali, hata pasipofaa. Mwaka 1976 Fraser mwenyewe aliandika makala kuhusu matumizi yake mema na mabaya. Si wengi wanaokuwa tayari kulinda ukweli dhidi ya umaarufu wa wazo lao wenyewe.

Panya si mtu, na Fraser alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alihesabu pia familia. Kutokana na hesabu zilizochapishwa mwaka 1961, wazazi wasio na mwanya waliopata mtoto mmoja mwenye mdomo sungura waliweza kuambiwa kwamba uwezekano wa anayefuata kuwa hivyo ni kama 4 kati ya 100. Kwa mama aliyekwisha kusadiki kwamba amelaaniwa, namba hiyo ni dawa. Inamwambia pia kwamba hakuna tendo moja la kulitubia.

Kinga nayo ilipata pa kusimama. Kama tatizo ni akiba ndogo, basi kazi ni kutoipunguza: kuacha sigara, na mwanamke anayetumia dawa za kifafa kuonana na daktari kabla ya kushika mimba ili dawa zipangwe upya, kwani kuziacha kienyeji kuna hatari yake. Ugumu ni kwamba mdomo wa juu huwa umeshaungana kwenye wiki ya saba, na akina mama wengi wa kwetu hufika kliniki kwa mara ya kwanza baada ya hapo. Vidonge vya vitamini ya foliki vinavyotolewa siku hiyo vinamkuta mtoto ambaye mdomo wake umekwisha kuumbwa. Ushahidi wa foliki ni thabiti zaidi kwa kasoro za uti wa mgongo kuliko kwa mdomo sungura, lakini kwa yote mawili wakati wake ni uleule wa mapema. Kwa hiyo sheria za Tanzania na Kenya zinazotaka viwanda vikubwa vitie foliki kwenye unga wa ngano na wa mahindi zina maana kubwa: zinamfikia mwanamke mezani kwake, wiki ambazo yeye mwenyewe hajajua kama ana mimba.